Barakoa ya Picha na Mashamba ya Pamba ya Bariadi

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Novemba hadi Desemba, wakulima wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega hupanda pamba. Wilaya hizo tano ndizo zinazounda Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Mkoa wa Shinyanga mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa mjini Bariadi. Mbegu huota kwa mvua, na mvua haiji pasipo mawingu. Hapo ndipo penye tatizo kwa mtu anayetaka kujua hali ya mashamba kwa kutumia picha za setilaiti: majira ambayo pamba inahitaji kutazamwa zaidi ndiyo majira ambayo anga huwa imefunikwa zaidi.

Setilaiti mbili za Marekani, Landsat 8 iliyorushwa mwaka 2013 na Landsat 9 iliyorushwa mwaka 2021, hupita juu ya mahali pamoja kila moja baada ya siku 16. Kwa kuwa zimepangwa kupishana, mahali hapo hupigwa picha mara moja kila siku nane, asubuhi kati ya saa nne na saa tano kwa saa za Afrika Mashariki. Kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Februari hiyo ni takriban mara 13 tu. Mtu akiamua kutupa kila picha yenye wingu, huenda msimu mzima ukabaki bila picha hata moja. Kwa hiyo picha haitupwi. Huondolewa sehemu iliyofunikwa na wingu, na sehemu iliyobaki huingizwa katika hesabu. Kazi hiyo ya kuondoa hufanywa na barakoa ya picha.

Barakoa huandikwa kwa mistari michache ya programu ya kompyuta, na mistari hiyo ina hatari yake ya pekee. Programu nyingine zikiharibika husimama na kutoa ujumbe wa kosa. Programu ya barakoa iliyo na kasoro aghalabu haisimami. Huendelea mpaka mwisho na kutoa ramani yenye rangi za kupendeza, na ofisa wa kilimo au mnunuzi wa pamba anayeipokea hana njia ya kujua kwamba kijani au hudhurungi anayoiona si ya shamba bali ya anga.

Wingu linavyojifanya shamba

Picha ya setilaiti ni jedwali la namba. Kila mraba mdogo wa picha, yaani pikseli, huwakilisha katika Landsat eneo la mita 30 kwa mita 30. Kila pikseli ina namba kadhaa, moja kwa kila aina ya nuru iliyopimwa. Kwa kazi ya mimea zinahitajika namba mbili: kiasi cha nuru nyekundu kinachoakisiwa, na kiasi cha nuru ya infraredi ya karibu, ambayo jicho la mwanadamu haliioni. Jani lenye afya humeza nuru nyekundu kwa ajili ya usanisinuru na kuirudisha kwa wingi ile ya infraredi. Tofauti ya namba hizo mbili ikigawanywa kwa jumla yao hupatikana kielezo cha uoto.

Ichukuliwe mifano mitatu ya kawaida. Pamba iliyostawi inaakisi 0.05 ya nuru nyekundu na 0.35 ya infraredi: 0.30 kugawanya kwa 0.40 ni 0.75. Udongo mtupu unaakisi 0.20 na 0.26: kielezo chake ni 0.13. Wingu zito linaakisi nuru zote karibu sawasawa, 0.45 na 0.48: kielezo chake ni 0.03. Hivyo wingu lililobaki katika picha halitaonekana kwenye ramani kama wingu. Litaonekana kama ardhi ambayo haikupandwa kitu.

Wingu zito si baya sana, maana mtazamaji mwangalifu hulitambua. Baya zaidi ni ukingo wake. Pikseli iliyofunikwa nusu na wingu na nusu ikawa wazi juu ya pamba ileile iliyostawi itakuwa na wastani wa namba hizo: nyekundu 0.25 na infraredi 0.415. Kielezo ni takriban 0.25. Namba hiyo haina dalili yoyote ya anga. Ni namba ambayo mtu angetarajia kuiona kwenye pamba iliyodumaa kwa ukame. Katika Simiyu, ambako mvua huweza kukatika kwa majuma kadhaa mwezi wa Januari au Februari, hakuna mtu atakayeshangaa kuiona, na ndiyo sababu kosa hupita.

Sifuri si pengo

Barakoa ni jedwali jingine lenye ukubwa sawa na ule wa picha, ambalo katika kila mraba lina jibu la swali moja: je, pikseli hii itumike au isitumike? Inafanana na karatasi ngumu iliyotobolewa na kuwekwa juu ya picha. Palipo na tundu huonekana, pasipo na tundu hapaonekani.

Anayeanza kujifunza huandika barakoa kwa 1 na 0, kisha huizidisha na picha. Pikseli iliyo wazi ikizidishwa kwa 1 hubaki na namba yake. Yenye wingu ikizidishwa kwa 0 huwa sifuri. Kwenye kioo cha kompyuta wingu limekuwa jeusi, na kazi inaonekana imekamilika. Lakini sifuri ni namba kama namba nyingine. Likichukuliwa shamba kubwa lenye pikseli 40, ambamo 30 zi wazi na zina kielezo cha 0.72, na 10 zimefunikwa, wastani wa kweli wa kile kinachojulikana ni 0.72. Programu iliyozidisha kwa sifuri itajumlisha 30 mara 0.72, itaongeza sifuri kumi, na kugawanya kwa 40. Jibu lake ni 0.54. Robo ya uoto wa shamba imefutwa na hesabu, wala si na ukame.

Dawa yake ni kuiambia kompyuta kwamba pale hapana namba kabisa. Lugha nyingi za programu zina alama maalumu ya kitu kisicho namba, au zina jedwali la aina ya pekee linaloikumbuka barakoa yake na kuruka miraba iliyofungwa. Mwalimu wa hisabati anaweza kulieleza jambo hili kwa mfano wa mtihani: mwanafunzi aliyekuwa hospitali siku ya mtihani hakupata sifuri, hakufanya mtihani. Kumwingiza kwa sifuri katika wastani wa darasa ni kuwasingizia wote.

Kasoro ya pili ya msingi ni barakoa iliyogeuzwa. Hapana makubaliano ya dunia nzima kuhusu maana ya 1. Katika Google Earth Engine, pikseli hubaki pale barakoa isipokuwa sifuri. Katika majedwali yenye barakoa ya NumPy, maktaba inayotumika na lugha ya Python, thamani ya kweli humaanisha kinyume chake, yaani mraba huo umefichwa. Maktaba ya GDAL, inayosoma faili nyingi za ramani, hutumia 255 kwa kilicho halali na 0 kwa kisicho halali. Mtu akichukua barakoa kutoka maktaba moja na kuitia katika nyingine, anaweza kujikuta ametupa mashamba na kuhifadhi mawingu. Siku ambayo anga ilikuwa safi kosa hili hujidhihirisha papo hapo, kwa kuwa karibu picha yote hutoweka. Siku ambayo nusu ya anga ilifunikwa, hubaki nusu ya picha kwa vyovyote vile, na kosa hujificha.

Yaliyomo ndani ya namba 22280

Kompyuta huyajuaje mawingu? Wanaosambaza picha za Landsat, yaani idara ya jiolojia ya Marekani, huambatisha katika kila picha jedwali la ubora. Jedwali hilo hutengenezwa kwa utaratibu uliotokana na kazi ya Zhu na Woodcock iliyochapishwa mwaka 2012. Utaratibu huo hupima mng'ao, rangi na baridi ya kila pikseli, kisha huamua kama ni wingu, kivuli, maji, theluji au ardhi iliyo wazi. Majibu yote hufungwa ndani ya namba moja kwa kila pikseli.

Mtu akilifungua jedwali hilo juu ya Bariadi atakutana na namba kama 21824, 22280, 23888, na akienda upande wa Busega, kwenye maji ya Ghuba ya Speke katika Ziwa Viktoria, atakutana na 21952. Kwa mtazamo wa kwanza hazina maana. Maana yake hupatikana zikiandikwa kwa mfumo wa namba mbili, ambamo kila nafasi, yaani biti, ni 0 au 1. Nafasi huhesabiwa kutoka kulia, ya kwanza ikiitwa biti 0, na thamani zake ni 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili. Katika mkusanyo wa picha unaotumika sasa, biti 3, yenye thamani 8, ni ya wingu. Biti 4, yenye thamani 16, ni ya kivuli cha wingu. Biti 5, yenye thamani 32, ni ya theluji. Biti 6, yenye thamani 64, huitwa biti ya uwazi. Biti 7, yenye thamani 128, ni ya maji. Biti za juu kuanzia ya 8 hukaa jozi jozi na kueleza kiwango cha uhakika.

Sasa 22280 inaweza kuvunjwa: 16384 + 4096 + 1024 + 512 + 256 + 8. Ile 8 ya mwisho ndiyo inayosema kwamba pikseli ni wingu, na jozi ya 512 na 256 inathibitisha kwamba uhakika ni wa juu. Namba 21824 ni 16384 + 4096 + 1024 + 256 + 64: haina 8, haina 16, ina 64, kwa hiyo ni ardhi iliyo wazi. Namba 21952 ni hiyohiyo ikiongezwa 128 ya maji.

Programu huuliza kuhusu biti moja kwa alama ya NA, ambayo hulinganisha namba mbili biti kwa biti na kubakiza zile tu zilizo 1 katika zote mbili. Hivyo 22280 NA 8 ni 8, na 21824 NA 8 ni 0. Hapa pana mitego mitatu, na kila mmoja umewanasa watu wengi.

Mtego wa kwanza ni kuuliza kama jibu ni sawa na 1. Mtu hufikiri kwamba biti ni 1 au 0, kwa hiyo huandika: ikiwa namba NA 8 ni sawa na 1, pikseli ni wingu. Jibu la NA 8 huwa 8 au 0, wala haliwezi kuwa 1. Sharti halitimii kamwe, hakuna wingu linaloondolewa, na programu haisemi lolote. Swali la salama ni kuuliza kama jibu ni sifuri au si sifuri.

Mtego wa pili umo katika mpangilio wa alama. Katika lugha ya C, na katika JavaScript iliyoufuata mtindo wake, alama ya usawa hushughulikiwa kabla ya alama ya NA. Mtu akiandika qa & 8 == 0 akikusudia kuuliza kama biti ya wingu ni sifuri, kompyuta huanza na 8 == 0, ambayo si kweli, na si kweli huhesabiwa kuwa sifuri; kisha hufanya qa NA sifuri, na jibu ni sifuri daima. Kila pikseli inahukumiwa kuwa na wingu na picha yote hutoweka. Katika Python maandishi hayohayo husomwa kama yalivyokusudiwa, na ndiyo maana programu iliyofanya kazi barabara katika lugha moja huharibika ikihamishiwa nyingine. Mabano, (qa & 8) == 0, huondoa shaka pande zote.

Mtego wa tatu ni wa kihistoria. Mkusanyo wa Pili wa picha za Landsat ulitolewa mwishoni mwa mwaka 2020, na ule wa Kwanza uliondolewa katika matumizi mwishoni mwa mwaka 2022. Katika jedwali la ubora la picha zilizosahihishwa za mkusanyo wa zamani, biti 3 ilikuwa ya kivuli na biti 5 ilikuwa ya wingu. Programu za wakati huo zilizoulizia biti 3 na 5 bado zinapitishwa kutoka mkono hadi mkono. Zikitumiwa kwa picha za sasa, mstari ulioandikwa kwa ajili ya kivuli huondoa wingu, na mstari ulioandikwa kwa ajili ya wingu huondoa theluji. Theluji haijapata kuanguka Bariadi, kwa hiyo mstari wa pili haufanyi kitu. Mtu huitazama picha, huona mawingu yametoka, na huridhika. Vivuli vyote vimebaki.

Kivuli kilipo

Vivuli huwasumbua watu kuliko mawingu yenyewe, kwa sababu havikai chini ya wingu. Mwezi wa Desemba, wakati setilaiti inapopita, jua la Bariadi liko upande wa kusini-mashariki, takriban nyuzi 56 juu ya upeo wa macho. Wingu lililo mita 1,500 juu ya ardhi hutupa kivuli chake umbali wa 1,500 kugawanya kwa tanjiti ya nyuzi 56, yaani zaidi kidogo ya kilomita moja, kuelekea kaskazini-magharibi. Kwenye picha hiyo ni karibu pikseli 34. Kati ya wingu na kivuli chake kunaweza kuwa na kijiji kizima kinachopata jua.

Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaweza kuikamilisha hesabu hii wenyewe, na ina faida kubwa kwa anayesaka kasoro. Ikiwa barakoa ya kivuli iliyotolewa na programu iko kusini-mashariki mwa wingu badala ya kaskazini-magharibi, hapana haja ya kusoma mistari ya programu ili kujua kwamba kuna kitu kimepinduliwa. Sababu ya kawaida ni kwamba jedwali la picha huhesabu safu kutoka juu kwenda chini, ilhali grafu ya darasani huhesabu kutoka chini kwenda juu.

Kuna kasoro moja ya kivuli ambayo hata wazoefu huisahau. Ile biti 6 ya uwazi ina jina la kuvutia, na mtu huona ni rahisi kuitumia peke yake: pikseli ikiwa wazi, itumike. Lakini biti hiyo husema tu kwamba pikseli si wingu wala si ukingo wa wingu. Kuhusu kivuli haisemi lolote. Namba 23888 ni 16384 + 4096 + 2048 + 1024 + 256 + 64 + 16. Ina 16 ya kivuli, na ina 64 ya uwazi pia. Kwa hiyo programu inayotegemea biti 6 tu huvipokea vivuli vyote kama ardhi safi. Biti 4 haina budi kuulizwa kwa jina lake.

Maji katikati ya Meatu

Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ya kwanza iliyorushwa mwaka 2015, hupima nuru nyekundu na infraredi kwa pikseli za mita 10, na zina jedwali la matabaka badala ya biti. Ndani yake 3 ni kivuli, 4 ni mimea, 5 ni ardhi isiyo na mimea, 6 ni maji, 8 ni wingu la uhakika wa kati na 9 ni wingu la uhakika wa juu. Jedwali hilo lina pikseli za mita 20, kwa hiyo lazima likuzwe kabla ya kuwekwa juu ya picha.

Programu nyingi za picha zikiambiwa zikuze kitu hulainisha, yaani hujaza nafasi mpya kwa wastani wa jirani zake. Kwa picha ya uso wa mtu hilo ni jambo jema. Kwa jedwali la matabaka ni balaa, kwa sababu namba hizo si vipimo bali ni majina. Wastani wa 4 na 8 ni 6: mpaka kati ya pamba na wingu hugeuka maji, na ramani ya nyanda kavu za Meatu hutokea na vijito vyembamba vinavyozunguka kila wingu. Hilo angalau huchekesha na kugunduliwa. Wastani wa 3 na 5 ni 4: kivuli kikipakana na udongo mtupu, huzaliwa mimea mahali ambapo haipo hata jani. Jedwali la majina hukuzwa kwa njia ya jirani wa karibu, ambayo hunakili namba iliyopo bila kuibadili.

Barakoa nzuri iliyowekwa mahali pasipo pake

Barakoa nyingine haihusu anga. Ni ile ya mipaka: mtu anataka pikseli za shamba fulani, kijiji fulani au Pori la Akiba la Maswa peke yake. Hapa mahali penyewe pana mtego ambao watu wa nchi za kaskazini hawakutani nao.

Bariadi iko takriban nyuzi 2.8 kusini mwa Ikweta na nyuzi 34 mashariki, ndani ya ukanda wa 36 wa mfumo wa gridi ya UTM. Ramani za Tanzania hutumia ukanda huo kwa upande wa kusini, ambamo Ikweta hupewa thamani ya mita 10,000,000 ili namba zisiwe hasi. Bariadi basi iko karibu na 9,690,000. Picha za Landsat hutolewa kwa gridi ya upande wa kaskazini hata kwa nchi zilizo kusini mwa Ikweta. Humo Ikweta ni sifuri, na Bariadi iko karibu na hasi 310,000. Mpaka wa shamba ukichukuliwa kutoka mfumo mmoja na kuwekwa juu ya picha ya mfumo mwingine bila kubadilishwa, utakuwa umbali wa kilomita 10,000 kutoka kwenye picha. Barakoa itafunga kila kitu na wastani hautapatikana. Kasoro hii ni kubwa, kwa hiyo ni ya heri.

Isiyo na heri ni ndogo yake. Ramani za zamani za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa kutumia msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali picha za setilaiti hutumia WGS84. Katika eneo hili misingi hiyo miwili hutofautiana kwa karibu mita 300, hasa kwa uelekeo wa kaskazini na kusini. Mpaka ulionakiliwa kutoka ramani ya zamani huangukia pikseli kumi kando ya shamba lake. Ramani inaonekana sahihi, umbo la mpaka ni sahihi, ila pamba inayopimwa ni ya jirani. Shamba la ekari moja lina pikseli nne na nusu hivi. Kwa mpotoko wa pikseli kumi halibaki nalo hata pembe. Njia ya kuligundua ni kuweka juu ya picha kitu kisichohama, kama vile njia panda au ukingo wa bwawa, na kuona kama kimekaa mahali pake.

Programu ikiwa sahihi, barakoa ikiwa na kosa

Baada ya mistari yote kusahihishwa, bado jedwali la ubora lenyewe huweza kukosea, kwa kuwa limetengenezwa na mashine inayokisia. Vitu vyeupe na ving'aavyo hudhaniwa kuwa wingu: mabati mapya mjini, au magadi ya kusini-mashariki kuelekea Ziwa Eyasi. Maeneo yaliyoungua wakati wa kiangazi katika nyika zinazopakana na Serengeti huwa meusi na hudhaniwa kuwa vivuli. Wingu jembamba la juu, kwa upande wake, hupita bila kutambuliwa. Dalili ya kosa la aina hii ni kukaa mahali pamoja. Mawingu huhama, barakoa inayofunga miraba ileile katika picha kumi za tarehe mbalimbali inaifunga ardhi.

Ili kukabiliana na kingo za mawingu, wengi huipanua barakoa kwa pikseli moja au mbili kila upande. Gharama yake ifahamike. Wingu dogo la pikseli 4 kwa 4 hufunika miraba 16. Likipanuliwa kwa pikseli moja huwa 6 kwa 6, yaani 36; kwa mbili huwa 64, mara nne ya wingu lenyewe. Mahali penye mawingu madogo madogo yaliyotawanyika, kama ilivyo asubuhi nyingi za Desemba, upanuzi wa pikseli tatu au nne huweza kufuta wilaya. Kwa kazi ya kukadiria hali ya mazao, hata hivyo, kupoteza pikseli nzuri ni hasara ndogo kuliko kupokea moja ya zile za 0.25 zinazojifanya ukame; inayopotea leo huenda ikapatikana baada ya siku nane.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na kompyuta inaweza kuyaona mengi ya haya kwa karatasi ya grafu. Wanafunzi wachore miraba 10 kwa 10 na kuandika kielezo cha uoto katika kila mmoja: 0.72 kwa shamba, 0.13 kwa udongo, 0.03 kwa wingu, na 0.25 kwa miraba yote inayozunguka wingu. Wingu liwe kwenye kona ya kusini-mashariki. Kisha wakate karatasi ngumu ya ukubwa uleule na kutoboa matundu juu ya kila mraba usio wa wingu. Kundi la kwanza litafute wastani wa miraba inayoonekana. Kundi la pili lihesabu miraba iliyofichwa kuwa sifuri na kugawanya kwa 100. Kundi la tatu lipindue karatasi ngumu juu chini kabla ya kuhesabu, la nne liisogeze mraba mmoja kwenda kaskazini, na la tano lizibe pia matundu yote yanayogusana na wingu.

Shule yenye kompyuta ianze kwa pikseli nne zinazojulikana kwa macho kabla ya kuigusa picha nzima: moja katikati ya Ghuba ya Speke, moja katikati ya wingu zito, moja ndani ya kivuli kinachoonekana, na moja kwenye shamba lililo wazi. Namba zao za ubora ziandikwe ubaoni, zivunjwe kwa mkono, na jibu la kila moja litabiriwe. Programu ikitoa majibu tofauti na ya ubaoni, isirekebishwe kwa kubahatisha. Iulizwe biti moja baada ya nyingine, kuanzia biti 3.